Nimeacha sigara mara saba na nimerudi mara saba: je, niendelee kujaribu?

Msomaji mmoja mwenye umri wa miaka 47, anayeuza samaki katika soko la Feri hapa Dar es Salaam, ameandika hivi:

"Shikamoo daktari. Nilianza sigara nikiwa na miaka 19, na sasa navuta kati ya kumi na tano na ishirini kwa siku. Ya kwanza naivuta kabla sijapanda pantoni kutoka Kigamboni. Katika miaka kumi na miwili iliyopita nimeacha mara saba, na mara nyingi sikumaliza wiki mbili. Mara moja tu nilifikisha miezi minne, nikajua nimepona, kisha tukafiwa na kaka yangu na nikarudia nikiwa msibani. Dawa sijawahi kutumia, najitahidi kwa nia tu. Cha ajabu ni kwamba Ramadhani nafunga mchana kutwa bila shida, ila nikishafuturu tu naiwasha. Mwezi uliopita nilimwambia binti yangu kwamba naacha tena, akanijibu, 'Baba, usiseme tu.' Nimekohoa miezi sasa na naogopa. Swali langu ni moja: je, wapo watu walioumbwa hivyo, ambao hawawezi kuacha? Kama mimi ni mmoja wao, ni heri nijue, nisiendelee kujidanganya na kuidanganya familia yangu."

Marahaba, ndugu yangu. Nianze na lile uliloliuliza: hapana, hakuna watu walioumbwa wasiweze kuacha sigara. Wapo ambao kuacha kwao ni kugumu kuliko kwa wengine, na kwa maelezo yako wewe ni mmoja wao, kwa sababu mtu anayevuta karibu sigara ishirini kwa siku na anayewasha ya kwanza muda mfupi tu baada ya kuamka, mwili wake umeshikwa barabara na nikotini, ile kemikali ya tumbaku inayoleta uraibu. Lakini jambo kuwa gumu si sawa na jambo kutowezekana, na ushahidi umeuleta wewe mwenyewe: mtu asiyeweza kuacha hakai miezi minne bila sigara.

Idadi ya mara saba inakuumiza, na ninaelewa, kwa kuwa unaihesabu kama mtu anayehesabu makosa. Naomba uitazame pamoja na hesabu nyingine. Mwaka 2016 watafiti wa Kanada walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wavutaji wa jimbo la Ontario, na makadirio yao yalikuwa kwamba wavutaji wengi huenda wakahitaji kujaribu mara 30 au zaidi kabla ya kuacha na kukaa mwaka mzima. Inajulikana pia kwamba katika kila watu 100 wanaoacha kwa nia peke yake, bila dawa na bila mshauri, ni kama 3 hadi 5 tu ambao bado hawavuti baada ya miezi sita hadi kumi na miwili. Wapo wanaovunjika moyo wakisikia takwimu hii. Mimi huwaambia wagonjwa wangu waipokee kama habari njema, kwa sababu inaeleza kilichotokea bila kumlaumu mtu. Umejaribu mara saba kwa njia ambayo huwaangusha zaidi ya watu tisini katika kila mia, na ulichokithibitisha ni udhaifu wa njia hiyo. Huko Feri mvuvi akirudi mikono mitupu kwa kuwa nyavu zake zimetoboka, hakuna anayemwambia kwamba hajui bahari.

Sasa tuzisome hizo mara saba, kwa maana hazifanani, na kosa kubwa ninaloliona katika barua yako ni kuziweka zote katika kapu moja. Nikotini ya sigara huchukua sekunde kama kumi tu kufika kwenye ubongo, na huko hushika vipokezi, yaani sehemu za seli za ubongo zinazoipokea, ambavyo kwa mvutaji wa miaka mingi vimeongezeka kuliko vya mtu asiyevuta. Nusu ya nikotini iliyomo mwilini huondoka katika saa mbili hivi, ndiyo maana kila baada ya muda mfupi mwili huanza kudai nyingine. Ukikata ghafla, ile hali ambayo vijana wa mitaani huiita arosto hufikia kilele chake katika siku mbili au tatu za kwanza, kisha hupungua taratibu kwa wiki mbili hadi nne: hasira za karibu, usingizi kukatika, kukosa utulivu, kushindwa kukaza fikra, njaa isiyoeleweka. Zile mara ambazo hukumaliza wiki mbili, ulianguka hapa. Ulishindana na mwili ukiwa katika siku zake kali kuliko zote, ukiwa huna chochote mkononi, na ulitoka kwenye uwanja huo siku chache tu kabla mambo hayajaanza kulegea.

Ile mara ya miezi minne ni jambo jingine kabisa. Uchunguzi wa ubongo umeonyesha kwamba vile vipokezi vilivyoongezeka hurudi kwenye kiwango cha mtu asiyevuta ndani ya wiki 6 hadi 12. Kwa hiyo usiku ule wa msiba mwili wako haukuwa ukidai nikotini kama zamani. Kilichokurudisha ni huzuni, mahali, na watu uliokuwa nao. Hili naomba ulishike, kwa sababu tangu hapo umekuwa ukisema kwamba hata miezi minne haikukusaidia, wakati ukweli ni kwamba miezi ile ilimaliza sehemu ngumu zaidi ya kazi, na kilichobaki kilikuwa ni kujiandaa kwa siku ya namna ile.

Umeniandikia kuhusu Ramadhani kana kwamba ni jambo la ajabu lisilohusiana na tatizo lako. Kwangu ndilo sehemu ya barua iliyonifurahisha zaidi. Tangu alfajiri hadi magharibi, zaidi ya saa kumi na tatu, mwili wako huo huo unakaa bila moshi, siku baada ya siku, tena ukiwa na njaa na kiu na ukibeba ndoo za samaki. Kinachokuwezesha ni nini? Imani ni ya kwanza, na siwezi kuipima. Lakini yapo mengine ninayoweza kuyataja: uamuzi umeshafanyika usiku kwa nia, kwa hiyo hujadiliani na nafsi yako kila dakika, hakuna mtu anayekunyooshea pakiti mchana, na wale unaokaa nao wako katika hali moja na wewe. Siku za kawaida unaamka ukiwa umesema utajaribu kupunguza, na kila sigara inakuwa kesi mpya ya kuamuliwa. Ndiyo maana siwashauri watu wa aina yako kupunguza moja moja. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2016 uliwalinganisha waliokata siku moja na waliopunguza kidogo kidogo kwa wiki mbili, na waliokata siku moja walifanikiwa zaidi. Chagua siku, tia nia usiku wake kama unavyofanya ukikaribia kula daku, na kesi iwe imefungwa.

Jambo jingine ambalo huenda hukulijua ni kahawa. Unafika Feri kabla ya mapambazuko, mnada haujaanza, upepo wa baharini una baridi, muuza kahawa anapita akigonganisha vikombe vyake, na unachukua kimoja, cha pili, cha tatu, kila kimoja kikiwa na sigara yake. Moshi wa tumbaku huliharakisha ini katika kuivunja kafeini, kwa hiyo mvutaji huhitaji kahawa nyingi zaidi ili aisikie. Siku chache baada ya kuacha, kasi hiyo hushuka, na vikombe vile vile vitatu huacha mwilini kafeini nyingi kuliko ulivyozoea, hata maradufu. Moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka, usiku usingizi hauji, nawe unasema, "Hii ndiyo arosto, siiwezi." Nimewaona watu walioirudia sigara kwa sababu ya kahawa wakidhani wamezidiwa na nikotini. Siku utakayoacha, kata kahawa yako nusu. Ukiweza, wiki ya kwanza kunywa chai ya tangawizi, na inywe ukiwa umesimama sehemu nyingine ya soko, usiwe kwenye lile benchi mlilozoea kukalia na wenzako.

Nije kwenye dawa, ambazo hujawahi kuzijaribu na ndizo sababu kubwa ya mimi kuwa na matumaini juu yako. Shirika la Afya Duniani liliziingiza dawa za nikotini katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2009, na mwaka 2021 likaongeza vareniklini na bupropioni, ambavyo ni vidonge visivyo na nikotini. Dawa ya nikotini hukupa nikotini polepole bila moshi, bila lami na bila ile hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi, ili siku zile kali zipite ukiwa umesimama. Huongeza nafasi ya kufaulu kwa kiasi cha nusu zaidi, na kuzitumia aina mbili kwa pamoja ni bora kuliko moja: kibandiko kinachobandikwa ngozini kama plasta kwa ajili ya siku nzima, na ubani wa kutafuna wenye nikotini, unaofanana na bigijii, kwa ajili ya zile dakika kiu inapopanda. Mtu anayevuta zaidi ya sigara kumi kwa siku kwa kawaida huanza na kibandiko cha miligramu 21 kwa wiki sita, kisha 14 kwa wiki mbili na 7 kwa wiki mbili. Kama unawasha ya kwanza ndani ya nusu saa baada ya kuamka, ubani wako ni ule wa miligramu 4. Usiutafune mfululizo kama wa watoto: tafuna taratibu mpaka usikie ukali, kisha ubane kati ya shavu na fizi hadi ukali upungue, halafu rudia. Usinywe kahawa wala soda katika robo saa kabla yake, kwa sababu uchachu wake huzuia nikotini isiingie vizuri kupitia mdomoni.

Vareniklini ina nguvu zaidi, kwani huongeza nafasi ya kuacha hadi mara mbili na zaidi ukilinganisha na kutotumia dawa, lakini hiyo pamoja na bupropioni ni za kuandikiwa na daktari, na bupropioni haifai kwa mwenye kifafa. Dawa hizi hazipatikani katika kila duka la dawa, na si za bei rahisi. Anza kwa kuuliza kwenye maduka makubwa ya dawa katikati ya jiji na katika hospitali ya rufaa ya mkoa iliyo karibu nawe, na umweleze daktari kama una shinikizo la damu au maumivu ya kifua. Piga hesabu ya pesa unayoiacha kila siku kwenye kibanda kwa sigara za moja moja. Hununui pakiti, kwa hiyo huioni ikitoka. Iweke ya mwezi mzima pamoja kisha uilinganishe na bei utakayotajiwa. Na ikiwa dawa zitashindikana, usiahirishe. Mshauri anayekufuatilia kila wiki, hata kwa simu, naye huongeza nafasi yako, na hapo pia hujawahi kufika. Ugoro na kuberi usiviguse kama badala, maana ni tumbaku ile ile kwa mlango mwingine.

Turudi msibani, kwa sababu naamini hapo ndipo penye hatari yako ya kweli. Hukuandika kwa urefu, lakini misiba yetu tunaijua. Wanaume wamekaa nje chini ya turubai, usiku umekwenda, mazungumzo yamekatika, mtu wa pembeni anatoa pakiti bila neno na kuinyoosha, na kukataa kunaonekana kama kuukataa udugu wake. Ukachukua moja. Ninavyojua kutoka kwa wengine wengi, si ile moja iliyokurudisha. Kilichokurudisha ni sentensi uliyojiambia kesho yake: "Nimeshaharibu." Mtu akishasema hivyo, sigara ya pili haina tena kizuizi, na kufikia arobaini ya marehemu amesharudi kwenye ishirini kwa siku. Kuteleza mara moja baada ya miezi minne hakufuti miezi minne. Kama kungetokea leo, ningekuomba kitu kimoja tu, kwamba uzime hiyo iliyoko mkononi, usinunue nyingine, na kabla hujalala umwambie mtu mmoja kilichotokea.

Misiba haitakwisha, wala harusi, wala siku za hasara sokoni. Basi jiandae ukiwa na akili tulivu. Mteue sasa hivi ndugu mmoja asiyevuta, shemeji au mpwa, ambaye kukitokea jambo atakaa kando yako, na mkubaliane kwamba pakiti ikija yeye ndiye atakayesema, "Huyu ameacha." Weka ubani wa nikotini katika kanzu unayokwenda nayo misibani, hata kama hujautumia kwa miezi. Chukua kazi ya kusimama: kupanga viti, kupokea wageni, kufuata maji. Kiu ya sigara huja kama wimbi, hupanda, na kwa kawaida hupungua ndani ya dakika tano hadi kumi, uvute usivute. Aliyekaa bila kazi huzihesabu dakika hizo moja moja.

Utaniambia kwamba siku ile sigara ilikutuliza. Ninakuamini kwamba ulihisi hivyo. Lakini kwa mvutaji wa kila siku, sehemu kubwa ya utulivu huo ni ile arosto ya sigara iliyopita kupozwa na sigara inayofuata. Mapitio ya tafiti nyingi yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kwamba wasiwasi na huzuni vilipungua kwa walioacha kuliko kwa walioendelea kuvuta. Wiki za kwanza ni kinyume, na sitakuficha, lakini zinapita.

Kuhusu binti yako, jibu lake limekuchoma, na nadhani limenigusa mimi pia. Hata hivyo sikusikia ndani yake mtoto aliyekata tamaa na baba yake. "Usiseme tu" ni maneno ya mtu ambaye bado anataka kuona. Safari hii usimwahidi chochote. Acha kwanza, na siku ya nne, ukishavuka kilele, mwambie, "Sijavuta tangu Jumamosi." Hapo utakuwa unampa habari iliyokwisha kutokea, ambayo haimlazimu kuamini lolote la mbele. Ukiteleza, mwambie vilevile, kwa maneno hayo hayo mepesi. Kinachochosha familia ni kufichwa, kunusa moshi kwenye shati na kuambiwa ni la mtu mwingine.

Kuhusu kifua, kikohozi cha zaidi ya wiki mbili hakisubiri siku ya kuacha sigara. Nenda wiki hii kituo chochote cha afya cha serikali ukapimwe kifua kikuu, kwani kipimo na matibabu yake ni bure, na wavutaji wako katika hatari kubwa zaidi ya kuupata ugonjwa huo. Kama unakohoa damu au umepungua uzito, nenda leo. Matokeo yakiwa yoyote yale, kuacha bado kuna faida. Madaktari wanaume wa Uingereza waliofuatiliwa kuanzia mwaka 1951 hadi 2001 walionyesha kwamba aliyeacha akiwa na miaka 40 aliokoa miaka kama 9 ya maisha, na aliyeacha akiwa na 50 aliokoa kama 6. Wewe uko katikati yao. Ukitimiza mwaka mmoja, hatari yako ya ugonjwa wa mishipa ya moyo itokanayo na sigara itakuwa imepungua kwa nusu hivi. Hata miezi yako minne haikupotea, kwani kwa muda wote huo moyo wako ulibeba damu isiyo na kaboni monoksidi ya sigara.

Ninachokuomba ufanye kwa sasa ni kidogo. Chukua daftari unaloandikia madeni ya wateja, na katika ukurasa wa nyuma andika zile mara saba: kila moja ulikaa siku ngapi, ulikuwa wapi ulipovuta ya kwanza, saa ngapi, na nani alikuwa kando yako. Usiandike sababu wala lawama. Nenda na ukurasa huo kwa daktari au mshauri utakayemwona, kwa sababu una habari ambazo hakuna kipimo cha hospitali kinachoweza kuzitoa. Kisha chagua siku isiyo na mnada mkubwa, uwe na kibandiko chako mkononi, ukibandike asubuhi kwenye ngozi kavu ya juu ya mkono au mgongoni ambako maji ya barafu na samaki hayafiki, na uvuke na pantoni ukiwa umesimama upande ambao wavutaji hawasimami.

Niandikie tena baada ya wiki mbili, unieleze ni saa ipi iliyokuwa ngumu zaidi. Niandikie hata kama utakuwa umevuta.